Nipe Mji: Vitendawili na Chemshabongo Kakuma na Lodwar

Kitendawili kikiwashinda wasikilizaji, mtegaji hawasuti. Anawaomba mji. "Nipeni mji," atasema, nao watampa Mombasa, au Kisumu, au Kampala. Akiuona mdogo ataukataa, wamtafutie mwingine. Ukimtosha, ataanza kusimulia jinsi alivyokwenda huko, alivyopokelewa na alichokula, na mwishoni mwa safari hiyo ya kubuni atawatajia jibu. Deni limelipwa, zamu inaendelea.

Sijui mahali ambapo kanuni hii kongwe ina kazi kubwa kuliko Kakuma. Kambi hii ya wakimbizi katika kaunti ya Turkana, Kenya, ilifunguliwa mwaka 1992, walipowasili vijana waliokimbia vita kusini mwa Sudan. Leo, ukijumlisha makazi jirani ya Kalobeyei, inahifadhi watu zaidi ya 250,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Shule zake hufuata mtaala wa Kenya, kwa hiyo mtoto aliyefika na Kinuer au Kisomali hukuta Kiswahili kinamsubiri darasani. Wengi hukijua kwanza uwanjani.

Jioni moja huko, baada ya ndoo za maji kufikishwa nyumbani, nilikaa nikawasikiliza watoto wakitegeana. Kitendawili kilikuwa cha nyumba isiyo na mlango. Mmoja alijibu kaburi, mwingine chungu kilichofunikwa, wote wakakosa. Msichana wa Kisomali akajitolea kulipa: "Chukua Baidoa." Mtegaji, mvulana wa Kikongo, akataka kujua kama Baidoa ni mji kweli au ni kijiji. Msichana akasimama. Akaeleza mnada wa ngamia, magunia ya mtama, barabara ya kwenda Mogadishu, yote kama alivyosimuliwa na nyanya yake, kwa sentensi ndefu zilizojikwaa kwenye ngeli na kusonga mbele bila mtu kumkatiza. Baidoa ikapokelewa. Jibu lilikuwa yai. Msichana mwenyewe alizaliwa kambini, na Baidoa hajaiona.

Hakuna zoezi la insha ambalo lingemtoa maneno yale. Alikosa swali, na kukosa kwenyewe ndiko kulikompa nafasi ya kusema.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba wenzao wengine hawakuhitaji kufundishwa kanuni. Waethiopia wanaozungumza Kiamhari hufungua mchezo wao kwa neno "Enkokilish", na anayeshindwa huombwa nchi, vilevile kama Mswahili anavyoomba mji. Mtegaji huizuru nchi hiyo kwa maneno, humtania aliyeshindwa, ndipo atoe jibu. Warundi nao huanza kwa "Sokwe!" na kuitikiwa "Niruze!", Wanyarwanda kwa "Sakwe sakwe!" na "Soma!" Anayesikia "Kitendawili!" kwa mara ya kwanza anatambua mara moja ameitwa kwenye mchezo gani, hata kama hajui kuitikia "Tega!"

Shuleni mambo hubadilika. Chemshabongo ya Kiswahili huko ni ya alama na saa, na maswali mengi hutoka kwenye orodha za kukaririwa: kinda la simba ni shibli, la chura kiluwiluwi, la nzige tunutu. Sizipingi orodha. Nasikitikia tu jinsi zinavyofundishwa, kana kwamba vitu hivyo vinaishi kitabuni. Mwaka 2020 nzige wa jangwani waliivamia Turkana, wakataga, na tunutu wakatambaa mchangani wakila majani ambayo mbuzi walikuwa wakiyategemea. Mtoto wa mfugaji aliyewafukuza kwa matawi anaweza kueleza rangi yao, mwendo wao na saa ya siku wanayopenda kutulia. Muulize hayo kabla ya kumuuliza jina, kisha mpe jina. Halitamtoka tena.

Kuna pia suala la jibu moja. Majani ya muhogo ni kisamvu kwa Mtanzania na kwa watu wa Pwani. Mkongo anayeyapika Kakuma huyaita sombe. Mchicha wetu kwake ni lengalenga. Msimamizi wa mashindano akishika kadi yenye jibu moja, mtoto aliyezaliwa ndani ya Kiswahili anaambiwa amekosa, tena katika lugha ya mama yake. Mimi ningempa alama, na ya nyongeza kama anajua na jina la pili.

Kukariri peke yake kunaweza kushinda michezo ya maneno. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa bila kukizungumza Kifaransa. Alikuwa ameyameza maneno ya kamusi. Ni kipaji cha ajabu, nami nakiheshimu. Lakini bingwa huyo ukimwomba mji kwa Kifaransa, hana pa kuanzia.

Ndiyo maana nawasihi walimu na watangazaji wa Lodwar, umbali wa kilomita 120 hivi kutoka Kakuma, waingize kanuni ya mji katika mashindano yao. Timu ikikosa, itoe mji na kuusimulia kwa sentensi tatu kabla ya jibu kutajwa. Atakayetoa Lodwar yenyewe ana ya kusema: nilikwenda Lodwar, nikavuka mto Turkwel, nikaonyeshwa nyumba aliyozuiliwa Jomo Kenyatta baada ya kutolewa Lokitaung mwaka 1959, hadi alipohamishiwa Maralal mwaka 1961. Hapo ameshafundisha historia, jiografia na matumizi ya wakati uliopita, na bado anadaiwa na swali.

Na maswali yatungwe na watu wa huku. Waturkana, Wakaramojong wa Uganda na Watoposa wa Sudan Kusini ni jamaa wa lugha, na baadhi ya maneno yao hayajabadilika kuvuka mipaka. Maji kwao ni ngakipi. Watoposa wamo kambini kama wakimbizi, na wenyeji waliowazunguka ni Waturkana. Visima, kuni na malisho vimewagombanisha wenyeji na wageni mara nyingi. Ziwekwe timu mbili mezani, ya Lodwar na ya Kakuma, na msimamizi aulize kwa Kiswahili: watu wa mataifa matatu huyaitaje maji kwa neno moja? Kengele zote mbili zitalia kwa pamoja, na msimamizi atalazimika kuamua nani atangulie kujibu.