Mzazi, kagua matundu ya laptopu kabla ya kununua monita

Vyuo vikuu vinapofunguliwa mwezi Oktoba na Novemba, orodha ya mahitaji huwa ndefu: ada, kodi ya chumba, godoro, na siku hizi kompyuta mpakato. Mzazi akishainunua laptopu hudhani amemaliza. Miezi michache baadaye simu inaingia: “Mama, naomba monita.”

Mzazi asiye mtu wa kompyuta lazima ajiulize. Laptopu ina kioo chake, cha pili cha nini? Ni cha masomo au cha gemu na mpira? Swali hilo ni la haki, na kabla ya kutoa hata shilingi moja inafaa lipate jibu.

Nani anaihitaji?

Mwanafunzi wa uhasibu hujaza jedwali huku akisoma swali kwenye ukurasa mwingine. Wa uhandisi huchora, wa kompyuta huandika programu, na wa mwaka wa mwisho huandika utafiti wake huku amefungua makala tatu. Kioo cha laptopu ya inchi 14 kina upana wa sentimita 31 hivi, wakati monita ya inchi 24 ina upana wa sentimita 53. Ni sawa na kutoka kufanyia kazi kwenye stuli na kuhamia mezani.

Yupo pia ambaye kioo cha laptopu yake kimepasuka. Kama mashine bado inawaka na picha inatoka kwenye monita, hakuna haja ya kukimbilia laptopu mpya. Linganisha bei ya kubadilisha kioo na bei ya monita, ukikumbuka kwamba laptopu inayotegemea monita haitaenda darasani.

Wengine hawaihitaji. Anayeishi hosteli katika chumba cha watu wanne, bila meza yake, atapata shida ya mahali pa kuiweka na hofu ya kuibiwa. Anayesomea maktaba muda wote naye hataifaidi. Kwa hao, fedha hiyo ni bora ikanunua bando au ikaongeza kumbukumbu ya laptopu iliyopo.

Anza na matundu

Mwambie mwanao akutumie picha ya pande zote za laptopu. Utatafuta tundu moja kati ya haya matatu.

La kwanza ni HDMI, bapa na pana, kama lile la nyuma ya televisheni. La pili ni VGA, linalopatikana kwenye laptopu za zamani: mara nyingi huwa la bluu na lina vitobo 15 katika safu tatu. La tatu ni USB-C, dogo la mviringo, kama la kuchajia simu nyingi za sasa.

Kuwa makini na hilo la tatu, kwa sababu si kila USB-C hutoa picha. Likiwa na alama ya radi au ya herufi D na P pembeni yake, kwa kawaida hutoa. Lisipokuwa na alama, lijaribu dukani kabla ya kulipa.

Matundu ya laptopu na monita yasipofanana, adapta itasaidia, ila nayo ina mwelekeo wake. Adapta ya kutoa picha HDMI kwenda VGA haifanyi kazi ikigeuzwa. Vilevile, usidanganywe kwamba laptopu ya zamani itatumika kama monita kwa kuunganisha waya wa HDMI. Kwa kawaida tundu hilo kwenye laptopu hutoa picha, halipokei.

Ukubwa wa kutosha

Kwa masomo, monita ya inchi 22 hadi 24 yenye nukta 1920 kwa 1080, ile inayoandikwa Full HD, inatosha kabisa. Ukinunua ya inchi 27 yenye nukta hizohizo, unazitanua tu na herufi zinapungua ukali. Muuzaji akikusifia kasi ya Hz 144, jua hiyo ni ya wacheza gemu. Hz 60 zinatosha kusoma na kuandika. Ukipata iliyoandikwa IPS, ni nzuri zaidi kwa kuwa rangi hazibadiliki ukiitazama kwa pembeni.

Kama nyumbani kuna televisheni yenye HDMI na mwanao anasoma akitokea hapo, jaribuni hiyo kwanza, maana gharama yake ni waya tu. Lakini televisheni nyingi za inchi 32 zina nukta 1366 kwa 768, chache kuliko za monita ya kawaida. Filamu itapendeza, lakini kusoma herufi ndogo kwa saa tatu kutachosha. Na taarifa ya habari nani ataikosa?

Mtumba wa ofisini

Mwenye bajeti ndogo asiogope monita iliyotumika. Zile zilizotoka maofisini, kama za Dell, HP na Lenovo, mara nyingi huwa imara, na nyingine zina stendi ya kupanda na kushuka. Kariakoo au kwingineko, uliza bei maduka matatu kabla ya kuanza kupatana.

Nenda na laptopu yenyewe, si maelezo yake. Iunganishe, kisha fungua picha nyeupe tupu, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu. Angalia mistari, nukta zilizokufa, na umanjano wa pembeni. Bonyeza vitufe vyote. Iache ikiwaka nusu saa, kwa kuwa hitilafu nyingine hujitokeza monita ikishapata moto. Muuzaji akikataa kukusubiri nusu saa, nenda duka la pili.

Geuza nyuma usome lebo. Inapaswa kukubali umeme wetu wa volti 230, na nyingi huandikwa 100–240V. Iliyotoka Uingereza huja na plagi ya miguu mitatu kama yetu. Ya kwingine itahitaji waya mwingine. Ukilipa, dai risiti, na siku za kurudisha alizokuahidi ziandikwe humo.

Kuhusu LUKU, monita ya wati 25 ikiwashwa saa nne kila siku hutumia uniti 3 kwa mwezi. Umeme ukikatika, laptopu yenye betri nzima itaendelea lakini monita itazima. Kazi haitapotea. Kinachoweza kuiua monita ni umeme unaorudi kwa nguvu, hivyo iunganishe kupitia kifaa cha kulinda kama kile cha friji.

Ikishafika mezani

Iwekwe umbali wa mkono ulionyooka, ukingo wake wa juu ukiwa usawa wa macho au chini kidogo. Ikiwa fupi, vitabu viwili vizito vitaipandisha. Kwenye Windows, mwanao abonyeze kitufe cha Windows pamoja na herufi P. Chaguo la tatu humpa vioo viwili vyenye kazi tofauti, na la nne hutumia monita peke yake, kwa yule ambaye kioo chake kimepasuka.

Kila baada ya dakika 20 atazame kitu kilicho mita 6 mbele kwa sekunde 20. Miwani ya kuzuia mwanga wa bluu si lazima. Chama cha madaktari wa macho cha Marekani hakiipendekezi kwa watumiaji wa kompyuta, kwani uchovu wa macho hutokana zaidi na kusahau kupepesa.

Kabla ya kutoka nyumbani, kaa na mwanao mwandike kiasi cha mwisho mtakachotoa, ndani yake kukiwa na monita, waya, adapta na nauli. Kama anapata bumu, naye achangie sehemu, hata ndogo. Aliyechangia hutunza. Bei ikizidi kiasi hicho, rudini na fedha yenu, maana wiki ijayo kutakuwa na monita nyingine dukani, lakini ada ya muhula ikishaguswa ni vigumu kuirudisha.