Mvinyo Mweupe na Tangawizi: Kalori Zinakaribiana, Lishe Ziko Mbalimbali

Gramu 100 za mvinyo mweupe zina kilokalori 82 hivi. Gramu 100 za tangawizi mbichi zina 80. Anayeishia kwenye tarakimu hizo mbili ataona vitu hivi vinalingana, lakini havilingani hata kidogo, na tofauti yake huanzia kwenye chanzo cha nguvu hiyo.

Mvinyo mweupe ni maji ya zabibu yaliyochachuka. Nchini Tanzania hutengenezwa Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na ambako aina ya Chenin Blanc hulimwa kwa ajili hiyo. Hamira hula sukari ya zabibu na kuigeuza kuwa kileo na hewa ya ukaa. Ndiyo maana mvinyo usio mtamu hubaki na sukari isiyozidi gramu 1 hivi katika kila gramu 100. Kileo chenyewe ni gramu 10 hivi, na kila gramu ya kileo hutoa kilokalori 7. Kwa hesabu hiyo, karibu kilokalori 72 kati ya 82 ni za kileo. Protini ni chembe tu, nyuzinyuzi hakuna, vitamini C hakuna. Potasiamu ni miligramu 71 na magnesiamu 10.

Nguvu ya kileo ni ya gharama kwa mwili. Mwili hauna mahali pa kukihifadhi, hivyo ini hulazimika kukishughulikia kwanza, na kazi ya kuchoma mafuta husubiri. Katika kukivunja, ini huzalisha asetaldehaidi, kemikali yenye sumu inayodhuru vinasaba. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliingiza vinywaji vyenye kileo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1988, na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha kileo kisicho na madhara kwa afya. Mvinyo mweupe haujasamehewa kwa sababu ya rangi yake.

Tangawizi watu huiita mzizi, ingawa ni shina linalotambaa ndani ya udongo. Mkoani Kigoma hulimwa kwenye miinuko ya Buhigwe. Gramu 100 zake mbichi zina wanga gramu 18 hivi, nyuzinyuzi gramu 2, protini karibu gramu 2, potasiamu miligramu 415, magnesiamu 43 na vitamini C miligramu 5. Kwa potasiamu peke yake, tangawizi inauzidi mvinyo karibu mara sita.

Hapo ndipo wengi hupotea, kwa kuwa hakuna anayekula gramu 100 za tangawizi kwa mkupuo. Kipande cha gramu 5 kinachopondwa na kutiwa kwenye chai kina kilokalori 4 na potasiamu miligramu 20 tu. Vijiko viwili vya chai vya sukari huleta kilokalori 32, mara nane ya tangawizi yenyewe. Glasi ya mvinyo ya mililita 150, kwa upande wake, ina kilokalori zipatazo 120, kileo gramu 15 na potasiamu miligramu 105. Kwa kipimo cha matumizi, basi, glasi ya mvinyo ina potasiamu nyingi kuliko kipande hicho cha tangawizi! Lakini mtu mzima anahitaji zaidi ya miligramu 3,500 kwa siku, na hakuna hata kimoja kinachomsogeza mbali.

Thamani ya tangawizi iko kwingine. Ukali wake hutokana na gingeroli, ambayo tangawizi ikikaushwa hubadilika kuwa shogaoli, kali zaidi. Majaribio ya kitabibu yameonyesha kwamba tangawizi hupunguza kichefuchefu cha ujauzito. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwulize daktari kabla ya kuitumia kwa wingi.

Tangawizi haiponyi kila kitu, na Kagunga panajua. Mei 2015 kijiji hiki kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Gombe karibu na mpaka wa Burundi, kilipokea makumi ya maelfu ya wakimbizi, na kipindupindu kikazuka. Mgonjwa wa kipindupindu hupoteza maji, sodiamu na potasiamu kwa kasi ya kutisha. Chai ya tangawizi isiyo na chumvi haina sodiamu ya kutosha kuvirudisha, na kileo huongeza mkojo, kikazidisha upungufu wa maji. Kinachotakiwa ni ORS, yaani chumvi za kurudisha maji mwilini, na kituo cha afya, bila kuchelewa.

Lishe yenyewe ya mwambao wa Ziwa Tanganyika iko kwenye dagaa na mawese. Dagaa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, hivyo hutoa protini na kalisi kwa wingi. Wekundu wa mawese unatokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, mradi mafuta hayo yasiunguzwe mpaka rangi ikatoweka. Mjamzito anayesumbuliwa na kichefuchefu anaweza kunywa chai ya tangawizi kwa kiasi. Mvinyo asiuguse, na kwenye sahani yake dagaa, mboga za majani na mawese visikosekane.