Fahamu: Mtoto ana usonji, umpeleke wapi?

Mzazi wa Tanga, anzia Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Omba masikio yapimwe kwanza, maana mtoto asiyeitika akiitwa huenda hasikii. Kule Lushoto, Shule ya Irente Rainbow ya Kanisa la Kilutheri hupokea watoto wenye usonji na wenye ulemavu wa akili.

Popote uendapo, kaa darasani asubuhi nzima. Mtoto akiziba masikio kwa kelele, mwalimu anamtuliza au anamfokea? Asiyeongea akitaka maji, ana picha ya kikombe ya kuonyesha? Nawe mzazi unafundishwa la kuendeleza nyumbani? Anayekuahidi kuuponya usonji, mkimbie. Na usingoje mtoto afikie umri wa kuanza shule ndipo utafute msaada.