Kura za Ngomeni Huhesabiwa na Nani? (Sehemu ya Pili)

Ukiwauliza watu wa Chepseon, Kericho, kama wadi yao inahitaji mwangalizi wa uchaguzi, wengi watadhani unawatania. Aje aangalie nini? Mwaka 2007 Kericho ilimpigia Raila Odinga wa ODM. Mwaka 2013 na 2017 ikawapigia Uhuru Kenyatta na mgombea mwenza wake, William Ruto, na 2022 ikampigia Ruto mwenyewe. Kila mara mshindi wa hapa alijulikana kabla karatasi za kura hazijafika. Basi waangalizi, watakuambia, wapelekwe Nairobi au kwingineko kunakogombaniwa, wasije kupoteza nauli kwenye barabara ya Londiani.

Katika sehemu ya kwanza nilieleza tofauti ya mwangalizi wa raia na wakala wa chama, na kwa nini mgeni anayekuja na kizibao cha Umoja wa Ulaya hawezi kuchukua nafasi ya mwalimu wa kijijini anayemjua kila anayepanga foleni. Leo natetea hoja ambayo haina wapenzi wengi Kericho na Bomet, wala haina wapenzi Siaya au Nyeri: mahali pa kwanza pa kumpeleka mwangalizi wa raia ni ngomeni.

Turudi kidogo hadi 1988. Wenye umri wanaukumbuka mlolongo. KANU ndiyo iliyokuwa chama pekee, na katika uteuzi wake wapiga kura walisimama mstarini nyuma ya mgombea wao au mtu aliyeshika picha yake. Aliyepata asilimia 70 mstarini alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa, hata kura ya siri hakuingia. Sijui upigaji kura ulio wazi kuliko huo: mchana kweupe, kila mtu akiona kwa macho yake. Hata hivyo, katika sehemu kadhaa za nchi mwenye mstari mfupi alitangazwa mshindi mbele ya umati uliokuwa umeshuhudia kinyume. Watu walipotawanyika, ushahidi ulitawanyika nao. Hapakuwa na karatasi ya kurudia kuhesabu.

Vyama vingi viliporudi, uangalizi wa raia ulianza kwa kasi, kwanza kupitia kitengo cha NEMU katika uchaguzi wa Desemba 1992, kisha kupitia muungano wa makanisa na Taasisi ya Elimu katika Demokrasia mwaka 1997. Lakini masanduku yalikuwa bado yakisafirishwa usiku hadi kituo kimoja cha kuhesabia kura katika eneobunge, na barabara za Kenya usiku ni ndefu. Mageuzi makubwa, kwa maoni yangu makubwa kuliko mashine zote zilizonunuliwa baadaye, yalikuja 2002: kura zikaanza kuhesabiwa palepale zilipopigwa. Katiba ya 2010 ikaliweka jambo hilo katika Kifungu cha 86, kwamba msimamizi wa kila kituo ahesabu na kutangaza matokeo papo hapo. Leo msimamizi huinua karatasi moja moja, husoma jina, mawakala hutazama, kisha hujaza fomu ya matokeo, ambayo kwa rais ni 34A, na nakala yake hubandikwa mlangoni.

Kwa hiyo karatasi ipo. Lakini karatasi hiyo ina thamani ya watu waliokuwemo chumbani ilipokuwa ikijazwa.

Jambo hili alilionyesha mtu wa kusini. Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, ambapo Samuel Kivuitu alimtangaza Mwai Kibaki kuwa na kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993 za Odinga, nchi iliwaka. Watu zaidi ya 1,100 walikufa, na Londiani na Kipkelion, majirani wa Chepseon, zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizochomeka. Mapatano yaliyosimamiwa na Kofi Annan yalizaa tume ya kuchunguza uchaguzi wenyewe, na uenyekiti akapewa Johann Kriegler, jaji wa Afrika Kusini aliyekuwa ameongoza tume ya uchaguzi wa 1994 uliomwingiza Nelson Mandela madarakani. Wakenya wengi walimtarajia Kriegler aseme nani alishinda. Alikataa. Ripoti yake ya Septemba 2008 ilisema uharibifu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba hakuna awezaye kulijua jibu la kweli. Kisha ikasema jambo ambalo pande zote mbili zililipita haraka: kura za kujaziwa zilionekana katika ngome za pande zote mbili, mahali ambapo mawakala wa upande wa pili hawakuwepo, au walikuwepo kwa jina tu.

Hapo ndipo penye kiini. Kwenye ushindani, mawakala wa vyama hutazamana kwa jicho kali na hakuna anayethubutu. Ngomeni, wakala wa chama cha mbali ni kijana wa palepale aliyelipwa kusimama kwa siku moja, na jioni atarudi kuishi na majirani zake. Tusimtarajie apigane. Wanaobaki chumbani wote wanataka jambo moja. Wala si lazima waibe. Inatosha mtu akiona hakuna ubaya kuwapigia kura waliosafiri, au marehemu ambao majina yao hayajafutwa kwenye sajili. Kriegler alikadiria marehemu katika sajili ya 2007 kuwa zaidi ya milioni moja.

Tatizo ni kwamba kura ya rais haihesabiwi kwa eneobunge. Kura moja ya ziada Chepseon ina uzito uleule wa kura ya Lamu. Mwaka 2013 Kenyatta alitangazwa kwa asilimia 50.07, yaani alivuka nusu inayotakiwa kwa kura kama 8,400. Vituo vya kupigia kura vilikuwa zaidi ya 33,000. Ukigawanya utaona kwamba pengo lile lilikuwa sawa na kura moja kwa kila vituo vinne. Sisemi kura hizo ziliongezwa. Mahakama ya Juu ililisikiliza shauri la kuyapinga matokeo yale na kuuthibitisha ushindi. Nasema tu kwamba kipimo chembamba namna hiyo hakivumilii ukarimu wa ngomeni.

Wengine watasema: si kuna ile hesabu ya sambamba ya ELOG? Ipo, na inastahili kuelezwa vizuri kwa sababu husifiwa na kutukanwa na watu wasioijua. Mkulima wa chai hamwachii karani wa mizani kazi yote. Hutunza risiti za kilo zake, na mwisho wa mwezi huzilinganisha na malipo. ELOG, muungano wa asasi za kiraia na za kidini ulioanza 2010, hufanya hivyo kwa sampuli. Huteua kwa bahati nasibu vituo elfu moja au zaidi kutoka kila pembe ya nchi, vya ngomeni na vya ushindani kwa uwiano wao, na orodha haitangazwi. Mwangalizi hukaa kituoni tangu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, hushuhudia kura zikihesabiwa, kisha hutuma namba za fomu kwa ujumbe wa simu. Namba hizo hutoa makadirio yenye kosa dogo linalojulikana, juu au chini.

Tatizo liko kwenye hicho “juu au chini”. Mwaka 2013 ELOG ilimpa Kenyatta asilimia 49.7, na kosa la 2.7 kila upande. Kwa hiyo ilionyesha kwamba tangazo la tume halikuwa la kubuni, lakini haikuweza kusema kama nusu ilivukwa. Mwaka 2022 ilimpa Ruto 50.7, na kosa la 2.1, tume ikatangaza 50.49. Jibu lilelile. Sampuli humkamata mwizi mkubwa, ila haiwezi kuamua duru ya pili.

Zimbabwe ililijua hili kabla yetu. Kwa uchaguzi wa Machi 29, 2008, baada ya mazungumzo yaliyosimamiwa na nchi jirani, sheria ilibadilishwa ili matokeo yabandikwe nje ya kila kituo. Mabadiliko hayo madogo yaliitikisa dola. Waangalizi wa mtandao wa ZESN walinakili namba milangoni na kukadiria kwamba Morgan Tsvangirai alikuwa na asilimia 49.4, kosa likiwa 2.4. Tume ilikaa zaidi ya mwezi mzima, hadi Mei 2, ndipo ikatangaza 47.9 kwa Tsvangirai na 43.2 kwa Robert Mugabe. Karatasi za milangoni zilikuwa zimeshaifunga nafasi ya kumtangaza Mugabe mshindi wa duru ya kwanza. Duru ya pili iliharibiwa kwa fimbo na damu, na Tsvangirai akajitoa, lakini hilo halikuwa kosa la hesabu. Na dola haijasahau: usiku wa uchaguzi wa Agosti 2023, polisi wa Harare waliwakamata makumi ya waangalizi wa raia wakiwa kwenye kazi ya kujumlisha. Tanzania nayo ilifanya hivyo Oktoba 2015 kwa vijana wa kituo cha waangalizi wa TACCEO jijini Dar es Salaam.

Halafu kuna upande wa pili, ambao waangalizi hawapendi kuukumbushwa. Mwaka 2017 hesabu ya ELOG ililingana na ya tume, Kenyatta akiwa na 54 na Odinga karibu 45. Waangalizi wa kigeni wakapumua na kuanza kufunga mizigo. Septemba 1, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ikaufuta uchaguzi, kwa sababu njia ya kusafirisha matokeo haikufuata katiba na baadhi ya fomu hazikuwa na alama za usalama. Hesabu na njia ni mambo mawili, na mahakama iliipima njia. Malawi ikafuata: Februari 3, 2020, majaji watano waliufuta uchaguzi wa Mei 2019, ambao fomu zake zilikuwa zimepakwa Tipp-Ex na namba mpya kuandikwa juu yake. Majaji haohao waliamua pia kwamba mshindi lazima avuke nusu ya kura. Kwa hiyo Malawi nayo sasa iko kwenye kipimo chembamba tulichonacho sisi.

Ndiyo maana nilifurahi mwaka 2022 tume yetu ya uchaguzi, IEBC, ilipoweka picha za fomu 34A, zaidi ya 46,000, kwenye tovuti yake ili kila mtu ajumlishe mwenyewe. Makamishna wanne walipojitenga na matokeo ya mwenyekiti wao, Wafula Chebukati, Wakenya walikuwa na kitu cha kushika mkononi. Ila tovuti huonyesha fomu ilivyo, haiwezi kuonyesha chumba kilivyokuwa. Fomu safi kutoka kituo cha Chepseon, yenye sahihi za mawakala watatu wa mrengo mmoja, inaonekana sawa kabisa na fomu safi nyingine.

Kuna siku moja ngome hii ilionja upinzani wa kweli. Charles Keter alipoteuliwa waziri, kiti chake cha useneta wa Kericho kiligombaniwa Machi 7, 2016, na KANU ya Gideon Moi ikamsimamisha Paul Sang dhidi ya Aaron Cheruiyot wa JAP, chama cha mrengo wa Kenyatta na Ruto. Cheruiyot alishinda, KANU ikalalamika, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi watu wa kaunti hii walisikika wakibishana juu ya vituo na fomu badala ya kuulizana tu ni wangapi waliojitokeza.

Mara nyingi, hata hivyo, uchaguzi wa kweli wa mbunge, gavana na diwani wa hapa hufanyika miezi minne kabla, kwenye mchujo wa chama kinachotawala ngome. UDA ilifanya wake Aprili 14, 2022. Atakayepata tiketi ameshapata kiti, Agosti ni sherehe. Lakini mchujo huendeshwa na bodi ya chama chenyewe, fomu zake haziendi kwenye tovuti ya IEBC, na hesabu ya sambamba haikuundwa kwa ajili yake. Pesa za wafadhili wa uangalizi nazo hufuata kura ya rais. Kwa uchaguzi wa Agosti 2027, kama ningekuwa na waangalizi kumi tu wa kuleta Kipkelion Mashariki, eneobunge la Chepseon, ningewaleta siku ya mchujo.

(Wiki ijayo: Baraza la Kuamua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, na hatima ya malalamiko ya mchujo.)