Kuku wa Mayai Unguja: Faida Haimo Katika Bei ya Gunia

Chakula hubeba kati ya asilimia 60 na 70 ya gharama za kufuga kuku wa mayai. Ndiyo maana wafugaji wengi wa uani, mjini na mashamba, huacha chakula cha kiwandani na kuchanganya wenyewe. Uamuzi huo huweza kuleta faida, ila hesabu yake hukosewa mara nyingi.

Kuku mmoja wa mayai hula gramu 120 hivi kwa siku, kwa hiyo kuku 100 humaliza kilo 12. Wakitaga mayai 80, trei ya mayai 30 imekula kilo 4.5 za chakula. Wakishuka hadi mayai 60, trei ile ile imekula kilo 6. Kwa maneno mengine, chakula hafifu kinachoangusha utagaji kiasi hicho lazima kiwe rahisi kwa robo nzima ndipo gharama ya chakula kwa trei ibaki pale pale. Na bado mfugaji atakuwa amepoteza mayai 20 ya kuuza kila siku.

Dagaa na mchanga

Mahindi na mashudu ya alizeti huvuka bahari kutoka Bara, na nauli ya chombo na ujira wa wapakizi huingia katika bei. Malighafi iliyopo mlangoni ni dagaa, wanaovuliwa usiku wa giza kwa taa na kukaushwa sehemu kama Mangapwani, Kama na Fungurefu. Soko hilo mfugaji hana peke yake, kwani wanunuzi wa Kongo huchukua dagaa kwa wingi, na wanapoingia sokoni bei hupanda. Wakati wa masika jua huadimika na dagaa huoza. Mwenye ghala kavu hununua kabla ya mvua.

Dagaa safi wakavu wana protini zaidi ya nusu ya uzito wao. Walioanikwa chini huja na mchanga. Kilo 10 zenye mchanga sehemu moja kwa tano ni kilo 8 tu za dagaa, kwa bei ya 10. Kipimo chake ni rahisi: tia konzi moja katika ndoo ya maji, koroga, kisha tazama kilichozama. Aidha, dagaa wengi wa Unguja huchemshwa kwa maji ya chumvi. Anayewatumia hao asiongeze chumvi nyingine, kwani ikizidi kuku hunywa maji mno na kuharisha.

Mchanganyiko wa kilo 100

Vipimo vifuatavyo hutoa protini ya asilimia 16 hivi, kiwango kinachomfaa kuku anayetaga:

Mahindi yaliyoparazwa, kilo 52
Pumba za mahindi, kilo 10
Mashudu ya alizeti, kilo 18
Dagaa waliosagwa, kilo 10
Chokaa ya mifugo au makombe ya chaza yaliyosagwa, kilo 8
Unga wa mifupa, kilo 1.5
Vitamini na madini ya kuku wa mayai, nusu kilo

Vitu vya uzito mdogo vichanganywe kwanza na kilo chache za mahindi, kisha vyote vigeuzwe kwa beleshi juu ya sakafu kavu. Dagaa wasizidi kilo 10, mayai yasije yakanuka samaki na kukataliwa na wanunuzi.

Chokaa ya kujengea, ile iliyosimamisha nyumba za Mji Mkongwe, huchomwa tanuuni na ni kali. Haifai kwa kuku. Mahindi yenye ukungu nayo yaachwe hata yakiuzwa kwa bei ya kutupa, kwa kuwa sumukuvu hudhuru ini la kuku na kupunguza mayai.

Kilo 100 hutosha kuku 100 kwa siku nane. Katika siku hizo mfugaji aandike fedha zilizotoka na trei zilizokusanywa, kisha agawanye. Gharama kwa trei ndiyo ya kulinganisha na chakula cha dukani. Ikiwa juu, arudi dukani bila haya.