Elimu Haina Najisi

Yapo maradhi ambayo wanaume huyaficha hata kwa wake zao, na saratani ya tezi dume ni mojawapo. Mtu hupata taabu ya haja ndogo akanyamaza, akidai ni uzee, mpaka kiuno na uti wa mgongo vimuume asipate usingizi. Ifikapo hapo, mara nyingi maradhi yamekwisha kuhamia mifupani. Kwa makisio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanaume zaidi ya 1,400,000 waligunduliwa kuwa na saratani hiyo ulimwenguni, na karibu 400,000 walikufa kwayo. Hapa Tanzania ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanaume.

Kwa nini saratani hii huipenda mifupa? Sehemu ya jawabu wataalamu wanaitafuta kwa mnyama ambaye wengi wetu hatumkaribishi uani, yaani mbwa. Hawakumchagua kwa mzaha. Ni wachache mno wanyama wanaopatwa na saratani ya tezi dume bila ya kupandikizwa na mtu. Mbwa mzee hupatwa nayo, tena ikaenea mifupani kama kwa binadamu. Dakta Charles Huggins wa Chicago alianza kwa kuchunguza tezi za mbwa, akaona kwamba mbwa akihasiwa tezi hunywea. Mwaka 1941 alitangaza kwamba kuondoa homoni za kiume huidhoofisha saratani hiyo kwa wagonjwa, na mwaka 1966 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Tiba ya kupunguza homoni hizo ingali nguzo mpaka leo.

Mwaka 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walieleza habari za seli walizozitoa katika saratani ya mbwa na kuziotesha maabarani, wakaziita Ace-1. Seli hizo hutiwa katika moyo wa panya asiye na kinga kamili ya mwili, damu ikazisambaza. Zimepewa pia chembe ya urithi ya kimulimuli, hata zikang'aa na kuonekana zilikotua panya angali hai. Seli nyingi za binadamu zilizokuwa zikitumika kwa kazi hiyo huula mfupa tu. Hizi za mbwa huula na papo hapo hujenga mfupa mpya usio na mpango, jambo lililo karibu zaidi na linalowasibu wagonjwa wetu.

Mwaka 2008 ilijaribiwa kwa panya hao dawa ya mifupa iitwayo asidi ya zoledroniki. Ilipunguza kuliwa kwa mfupa, lakini haikuizuia saratani kuhamia humo. Mbwa si mtu, na panya si mgonjwa. Hata hivyo funzo linaeleweka: kuulinda mfupa ni jambo moja, na kuizuia saratani isiufikie ni jambo jingine.

Huenda baadhi ya wasomaji wakachukizwa na habari hizi. Sote tulifundishwa chuoni kwamba chombo alichokiramba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hukumu hiyo ni ya tohara, na itabaki mahali pake. Lakini Qur'ani yenyewe, katika Sura ya Maida, imehalalisha mawindo ya wanyama waliofunzwa. Manufaa hayatupwi kwa sababu ya mlango yalikopitia, na elimu haina najisi.

Najisi iliyo hatari kwetu ni aibu. Hatuna budi, basi, kuwaomba masheha, maimamu na viongozi wa Chama walizungumze jambo hili waziwazi mbele ya wanaume wenzao, na watendaji wa Serikali wahakikishe kwamba mzee anayekwenda kituo cha afya hupokewa kwa staha na kupimwa kwa siri. Watafiti wa mbali wanaifuata saratani hadi mifupani. Sisi tunaweza kuiwahi kabla haijaondoka nyumbani kwake.