Fahamu: Rangi za msimbo wa HTML na XML katika Stack Overflow
Katika Stack Overflow, tovuti ya maswali ya programu iliyoanzishwa mwaka 2008, rangi za msimbo hufuata lebo za swali. Lebo ikiwa HTML, msimbo hupakwa rangi za HTML: jina la tagi kwa rangi moja, sifa zake kwa nyingine, na maandishi ya kawaida hubaki yalivyo. Kazi hiyo hufanywa na programu ya highlight.js, iliyochukua nafasi ya Prettify ya Google mwaka 2020; kwake HTML na XML huangukia kanuni zilezile. Lebo zisipoelekeza lugha, programu hukisia, na msimbo mfupi huipotosha kirahisi. Ni heri mwandishi ataje lugha mwenyewe: ```html juu ya msimbo hutosha, na ```lang-none huondoa rangi zote.